Meko Nyeupe ya Mzee Sodladla

Mzee Mbuyiselo Sodladla aliitambua nyumba yake tangu walipokata kona ya kanisa. Alikuwa amekaa kiti cha mbele, blanketi magotini. Hospitali ilikuwa imemkausha hata kola ya shati ikawa inaogelea shingoni. Ulimi ulikuwa bado mzito tangu kiharusi kimpige, lakini maneno hayakuwa yamempungukia.

"Geti langu linalia kama mbuzi anayechinjwa," alisema binti yake aliposhuka kulifungua. "Nimelala hospitali kidogo tu, mmeninyima hata mafuta ya bawaba?"

Nozuko alicheka peke yake kwenye upepo. Wauguzi walikuwa wamemwonya kwamba akili ya mzee ina siku zake, leo ipo, kesho imesafiri. Lakini mtu anayelijua geti lake kwa sauti, akili yake imekwenda wapi? Akamshika mkono, wakapanda ngazi za baraza polepole, mzee akigusa kila nguzo kwa fimbo kama anayesalimia ng'ombe zizini. Mji wote wa Molteno ulikuwa umejikunyata kwa baridi ya Julai. Juu ya milima ya Stormberg mawingu yalikuwa yamelala mazito, rangi ya risasi.

"Funga macho, Tata," Nozuko akamwambia baba yake mlangoni.

"Nikifunga macho nitaanguka, halafu utanirudisha kule kwenye uji usio na chumvi."

"Basi usifunge. Ingia."

Alitangulia yeye ili amwone usoni. Wakati huu ndio alioungoja. Alikuwa ameomba ruhusa shuleni kwake East London, alikofundisha darasa la tatu, akapanda huku mlimani kuitengeneza nyumba kabla baba hajatoka hospitali. Daktari alisema mapafu ya mzee yamekwisha. Ujana wake wote aliumalizia reli, akikokoa majivu ya injini za makaa ya mawe, na uzee akaumalizia mbele ya meko ile ya sebuleni, iliyokuwa ikitema moshi kila upepo ulipogeuka. Moshi sasa ulikuwa sumu kwake. Basi Nozuko akaziba tundu la dohani kwa ubao. Akasugua matofali yaliyokuwa meusi kwa masizi, akayapaka rangi nyeupe, akarudia, akarudia tena mpaka yakang'aa kama meno ya mtoto. Fundi Thozamile akamwekea marumaru mapya chini, ya bluu hafifu. Mahali pa chanja ya makaa akaweka hita ya umeme yenye taa zinazocheza kama ndimi za moto. Rafu ya juu aliipiga msasa kwa mikono yake mwenyewe. Alipowatumia walimu wenzake picha, walimjibu kwa mioyo na makofi.

Mzee Sodladla aliingia, akasimama katikati ya zulia. Akaitazama meko.

Kwanza uso haukusema kitu. Halafu tabasamu alilokuja nalo tangu getini likaondoka taratibu, kama maji yanavyozama kwenye mchanga. Mkono ukapanda, ukavua kofia. Akainamisha macho, akaviona viatu vyake juu ya zulia, akashtuka kama aliyekanyaga kaburi. Akarudi kinyumenyume, hatua ndogondogo, mpaka akatoka nje ya mlango. Nozuko akamfuata na kumkuta anazunguka nyumba kwa haraka ambayo hakujua kama mguu ule mbovu bado unaiweza, kofia ameikumbatia kifuani. Akaingia kwa mlango wa jikoni, akasimama kando ya sinki.

"Tata, vipi? Hukuipenda?"

"Nzuri sana, misisi," alisema mzee, macho chini. "Nzuri mno. Nisamehe kwa zulia."

Misisi. Neno hilo Nozuko alikuwa amelisikia kwa bibi yake tu, marehemu MaDlomo, kila alipowataja wake wa Wazungu aliowafanyia kazi. Akacheka, maana alidhani ni utani. Baba yake hakucheka.

Chakula alikula wima, kando ya sinki. Nozuko alimvutia kiti, akakataa. Alimwekea sahani ya nyama ya kondoo mezani sebuleni, mzee akamwuliza kwa unyenyekevu kama chakula hicho ni cha bwana. Ulipofika wakati wa kulala akachukua blanketi lake na kuelekea uani, kwenye kile chumba kidogo cha mabati ambamo zamani walilala watumishi, na ambamo sasa mlikuwa na majembe na baiskeli mbovu. Nozuko alimzuia mlangoni kwa kifua chake.

"Tata, mimi ni Nozuko. Binti yako. Nitazame."

Mzee akamtazama kwa adabu. "Misisi ana huruma," akasema. "Lakini mama atanitafuta."

Mwishowe alikubali kulala kwenye godoro jikoni, karibu na jiko, na Nozuko akajilaza kwenye kochi akisikiliza kifua cha baba yake kikikoroma kama mfuko wenye kokoto.

Asubuhi alimkuta sebuleni. Mzee alikuwa amepiga magoti juu ya marumaru ya bluu, ndoo pembeni, maji ya baridi yamemlowesha hadi viwikoni, anasugua matofali meupe kwa brashi ya viatu. Hita ilikuwa imezima. Umeme ulikuwa wa mgawo siku hizo, na zamu ya mtaa wao kuukosa ilikuwa imefika. Vidole vya mzee vilikuwa vimegeuka rangi.

"Tata! Acha! Utakufa kwa baridi!"

"Nimechelewa, misisi, najua. Ile kona inashika masizi. Mama huanza na kona, mimi nimeanza katikati."

Nozuko alimnyang'anya brashi. Mzee akaiacha bila ubishi, akabaki na mikono hewani, akingoja kuambiwa la kufanya. Alipomwinua alikuwa mwepesi, na alitetemeka mwili mzima. Binti akamfunga mablanketi, akamnywesha chai, akamsugua mikono, na kila alichofanya mzee alikipokea kwa "asante, misisi" iliyomchoma kama sindano.

Alimpigia simu kaka yake Siphiwo, aliyekuwa Cape Town akiendesha malori.

"Mpe muda," Siphiwo alisema. "Amechoka na safari."

"Hajachoka. Jana getini alikuwa baba. Ameingia sebuleni akawa mtumishi. Ananiita misisi, Siphiwo! Anapiga magoti mbele yangu!"

"Sasa mimi nifanyeje nikiwa huku? Mwoneshe picha za Mama."

Picha alimwonesha. Mzee akasema misisi ana picha nzuri, na yule mama wa Kixhosa anaonekana mtu mwema, ni mpishi wake?

Siku iliyofuata MamBhele alikuja na bakuli la umngqusho, mahindi na maharage yaliyochemka tangu alfajiri. Alikuwa jirani, mjane wa rika la mzee, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya mto. Zaidi ya Siphiwo, Nozuko hakuwa amemwambia mtu jambo hili. Aibu ilikuwa imemkaba. Lakini mzee alipomwona MamBhele, macho yakamwaka. Akamvuta kando ya jokofu.

"MamBhele! Na wewe wamekuajiri hapa?" akanong'ona. "Shika adabu zako. Huyu misisi mgeni ni mpole, lakini analia-lia ovyo. Sijui bwana anampiga?"

MamBhele akaliweka bakuli kando ya sinki. Akamtazama Nozuko aliyekuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi. Kisha akampapasa mzee begani akimwita kwa jina la ukoo wake, "Sawa, Gatyeni, nitashika adabu," akapita mpaka sebuleni kuona kuna nini.

Alipoiona meko alishika kichwa.

"Nyeupe, mwanangu? Kati ya rangi zote alizoumba Mungu?"

"Nyeupe ina nini, Mama?"

MamBhele aliketi, akaanza kuzungumza kwa sauti ya chini, jambo ambalo hakulizoea. Nozuko alijua kwamba bibi yake alikuwa mtumishi katika nyumba za reli. Hakujua kwamba alitumika katika nyumba hii hii. Stesheni masta wa wakati huo alikuwa na mke aliyetaka meko yake iwe nyeupe, katika mji ambao moto wake ni makaa ya mawe. Kila asubuhi MaDlomo alipiga magoti kuisugua, na mwanawe Mbuyiselo alimbebea ndoo kabla ya shule. Misisi alikuwa na glavu nyeupe. Alipitisha kidole kwenye kila tofali. Kidole kikitoka na doa, MaDlomo anaanza upya, na mtoto amesimama pale anatazama.

"Siku moja tofali lilichubuka," MamBhele alisema. "Halikuvunjika, lilichubuka tu rangi. Akamfukuza siku hiyo hiyo, na mshahara akauzuia. Nilikuwa nyumba ya pili nikianika nguo. Niliwaona wanatoka kwa mlango wa nyuma, mtoto amebeba ndoo bado, amesahau kuiacha."

MamBhele aliinyoshea meko kidole.

"Wazungu walipoondoka na reli ikauza nyumba, babako alinunua hii. Watu walishangaa, kuna nyumba nzuri kuliko hii. Wewe ulikuwa mdogo, uko Cala na mamako. Hakuwaita mje kwanza. Alijifungia humu, akakwangua ile rangi kwa kisu mpaka matofali yakaonekana. Vidole vyake vilitoka damu. Alipomaliza akawasha moto mkubwa, akafungua madirisha yote, akatuita majirani tuje tuone masizi. Ndipo akawaleta ninyi."

"Hakuniambia. Hakuniambia hata siku moja."

"Angeanzaje kukwambia? Mwanamume na magoti ya mamake."

MamBhele alipoondoka, Nozuko alibaki akiitazama ile kazi ya mikono yake. Wema wake wote ulikuwa pale ukutani, umekauka, unang'aa. Akashikwa na kitu kama wazimu. Alikwenda dukani akanunua dawa ya kutolea rangi, brashi za waya na kisu bapa cha kukwangulia, akajifunga kitambaa kichwani, akaanza.

Rangi haikutoka. Juu juu ilivimba na kubanduka kama ngozi iliyoungua, lakini ndani ilikuwa imeshazama. Matofali yale ya zamani yalikuwa na vitundu kama mkate, na kila kitundu kilikuwa kimeinywa. Alisugua mpaka mabega yakafa ganzi. Kilichojitokeza hakikuwa wekundu aliokulia nao. Yalikuwa matofali yenye ukoko, rangi ya fizi za mgonjwa. Harufu ya dawa ilimtoa machozi, naye akashukuru, maana machozi yalipata kisingizio.

Akaona ageukie marumaru. Haya angalau yangevunjika. Akachukua nyundo na tindo za baba yake, akapiga.

Mzee alitokea kwenye mlango wa jikoni kwa mlio wa kwanza. Alipoona kipande cha bluu kikiruka, alipiga ukelele ambao Nozuko hakuwahi kuusikia kwa mtu mzima.

"Misisi, usivunje! Kwa jina la Mungu usivunje! Watasema ni mama!"

"Tata, naiondoa. Naiondoa kwa ajili yako. Ni nyumba yako!"

"Watasema ni mama!"

Akajitupa chini, akaanza kuokota vipande na kuvijaza mifukoni mwa koti, vingine vikimkata. "Tuvifukie uani kabla bwana hajatoka kazini. Upesi. Upesi, misisi, mimi sitasema." Nozuko alijaribu kumkumbatia, mzee akateleza mikononi mwake, akatoka kwa mlango wa nyuma akikokota mguu. Nozuko akamwona akiingia kile chumba cha mabati. Ngoja, akafikiri. Nimalize kwanza. Nimalize balaa hili, akirudi alikute halipo. Akarudia nyundo, akapiga kama anayepiga nyoka, mpaka marumaru yote yakawa kifusi na simenti ikabaki na makovu.

Alipoiweka nyundo chini nyumba ilikuwa kimya kupita kiasi.

Kile chumba kilikuwa kitupu. Geti lilikuwa wazi, na theluji ilikuwa imeanza kuanguka, chembe chembe, ikienda upande upande na upepo. Fimbo ya mzee ilikuwa imeegemea ukuta wa jikoni. Ametoka bila fimbo.

Nozuko alikimbilia stesheni kwanza. Huko hapakuwa na kitu isipokuwa majukwaa yaliyoota nyasi. Akakimbia hadi kanisani, hadi dukani, hadi kituo cha mafuta, akishika watu mikono: mmemwona mzee, koti la kahawia, anachechemea? Hakuna aliyemwona. Alipita mbele ya nyumba ya MamBhele kwa mara ya pili, sasa analia waziwazi, kitambaa kimeanguka na nywele zimejaa vumbi la simenti.

"Nimemuua, Mama. Nimemuua baba yangu kwa rangi."

"Hujamuua mtu bado. Funga mdomo baridi isiingie," MamBhele alisema, akijitupia shuka la sufu mabegani. "Mtoto akiogopa anakimbilia wapi?"

"Kwa mamake."

"Basi washa gari. Twende lokesheni."

MaDlomo alikuwa ameishi lokesheni, mtaa wa Waafrika juu kilimani, kwenye nyumba ya udongo iliyobomolewa zamani. Mahali pake palikuwa na nyumba ndogo ya serikali, ya watu wengine kabisa, na siku hiyo watu hao walikuwa na msiba. Uani palikuwa na turubai, na chini yake wanawake walikuwa wakipika kwenye masufuria ya miguu mitatu juu ya moto wa kuni. Kati yao, juu ya debe lililopinduliwa, na kikombe cha chai mikononi, alikuwa amekaa Mzee Sodladla.

Nozuko alishindwa kushuka mara moja.

"Ninyi ndio wenye mzee huyu?" mwanamke mwenye mwiko alimwuliza MamBhele. "Mchukueni kabla hatujamwongezea mdomo kwa mwiko! Amekuja hapa anatetemeka, tumemkaribisha, tumempa chai, sasa anatuambia tunachochea moto kama watu wanaochokoza nyuki."

Wenzake wakacheka. Kisha yule mwanamke akapunguza sauti. "Anasema anamsubiri mama yake atoke kazini. Hatukuwa na moyo wa kumwuliza zaidi."

Mzee alimwona Nozuko akishuka garini. Akaweka kikombe chini kwa uangalifu, akasimama, akavua kofia huku theluji ikimtua kwenye upara. Akaingiza mikono mifukoni na kutoa vipande vya marumaru ya bluu, vyenye damu kidogo. Akamnyoshea.

"Mama hakuvunja, misisi," akasema. "Ni mimi. Nikate mimi, usimkate mama mshahara."

Nozuko aliitazama ile mikono. Siku zote tatu alikuwa amemwambia ukweli, mimi ni Nozuko, mimi ni binti yako, na ukweli ulikuwa umemgonga mzee ukaanguka chini kama ndege aliyegonga kioo. Hakuwa na ukweli mwingine. Hakuwa na chochote. Akapiga magoti kwenye tope, mbele ya watu, akavipokea vile vipande kimoja kimoja.

"Hakuna atakayekatwa," akasema. "Nimekuja kukwambia mama yako hana kosa."

"Hafukuzwi?"

"Hafukuzwi. Na hataisugua tena ile meko. Hakuna atakayeisugua."

Mzee alifikiri. "Na bwana je?"

"Bwana amehama. Wamehama wote."

"Wamehama?" Aligeuka kumtazama MamBhele kama mtu anayetafuta shahidi. "Wamehama kweli?"

"Zamani, Gatyeni," MamBhele akasema. "Na vyombo vyao. Na glavu zao."

"Nyumba je?"

"Imeuzwa," Nozuko akasema.

"Kanunua nani?"

"Kanunua mtu wa reli. Mtu anaitwa Sodladla."

Mzee alimkodolea macho. Kisha akaanza kucheka, kicheko chake cha zamani cha tumboni, kilichogeuka kikohozi kikamwinamisha hadi wanawake wawili wakamshika. Alipopata pumzi machozi yalikuwa yamemjaa.

"Sodladla? Mtu mweusi kanunua nyumba ya stesheni masta? Misisi, wewe mpole lakini mwongo."

"Muulize MamBhele."

"Nilikuwepo alipopewa ufunguo," MamBhele akasema. "Nilikula na keki."

"Kichaa huyo," mzee akasema kwa mshangao mkubwa. "Kichaa kabisa. Nataka nimwone."

"Twende ukamwone," Nozuko akasema.

Alikubali kupanda gari. Alikaa nyuma, lakini alikaa. Nyumbani, geti lilipolia, hakusema kitu. Nozuko alimfungulia mlango wa mbele na kusimama kando. Mzee alisita kwenye ngazi. "Sodladla hatakasirika?" akauliza. "Hatakasirika," akajibiwa. Akaingia kwa mlango wa mbele, akipangusa viatu kwa muda mrefu.

Sebule ilikuwa uwanja wa vita. Kifusi kila mahali, hita imelala ubavu, matofali yamechubuka kwa mabaka ya pinki na nyeupe, mengine yana mikwaruzo ya waya. Mzee alizunguka polepole akiikagua meko. Aligusa tofali moja. Akapitisha kidole, akakitazama kidole.

"Huyu Sodladla ana moyo," akasema hatimaye, "lakini kazi hajui. Nani anakwangua hivi? Na hili bao la nini huku juu? Ameiziba dohani pumzi."

"Ni mimi niliyeziba, kwa sababu ya moshi. Daktari amesema moshi mbaya kwa... kwa mwenye nyumba."

"Nyumba bila moto itampa nini mwenye nyumba? Baridi haina ubaya?"

Umeme ulikuwa umekatika tena. Nje theluji ilikuwa imeshika ardhi, na mzee, ndani ya koti lililolowa, alikuwa ameanza kutetemeka upya. MamBhele alimtazama Nozuko. Wote wawili walijua daktari alisema nini. Nozuko alisimama pale na kisu cha kukwangulia mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu kuzaliwa kwake hakukuwa na mtu wa kumwuliza afanye nini. Akapanda kwenye kigoda, akaung'oa ule ubao. Masizi ya miaka yakamwagika usoni mwake, juu ya zulia, juu ya kila kitu.

Mzee alijipiga pajani kwa furaha. "Sasa ndiyo!"

Makaa ya mawe yalikuwepo bado bandani, gunia moja. Chanja ya chuma alikuwa ameitupa nyuma ya nyumba, akaichimbua kwenye theluji, akairudisha mahali pake. Mzee aliketi kwenye kiti kilichokuwa karibu, bila kuulizwa na bila kuomba ruhusa, akaanza kutoa amri. Vijiti kwanza. Si hivyo, unavipanga kama maiti. Makaa madogo chini, makubwa yangoje zamu yao. Puliza, usiteme. MamBhele akawa anapeleka na kurudisha ndoo huku akinung'unika kwamba kumbe Gatyeni hata akipoteza akili hapotezi ubosi.

Moto ukashika. Moshi ukajaribu kuingia chumbani, ukabadili nia, ukapanda. Mwanga ukatapakaa juu ya yale matofali yenye mabaka, na masizi yakaanza kuyalamba.

"Wewe ni nani wake, huyu Sodladla?" mzee akauliza baada ya muda. Hakumwita misisi.

"Binti yake."

"Mwenyewe yuko wapi?"

Nozuko alitazama motoni. "Anakuja," akasema.

"Basi nitamsubiri. Nataka nimpe mkono." Akanyoosha miguu. "Lakini asiharakishe. Moto ndio kwanza umekolea."

Majira ya baridi yaliyobaki yalikwenda hivyo. Nozuko hakurudi East London. Mwalimu mwingine alichukua darasa lake. Kila alasiri alikokoa majivu, akawasha upya, na mzee alikuja na kukaa akimsubiri Sodladla. Alikula mezani, alilala kitandani, alimtania MamBhele, aliuliza habari za mwenye nyumba na kusifu ujasiri wake. Misisi hakumtaja tena. Jina la binti yake nalo hakulipata. Siphiwo alikuja kwa siku mbili mwezi wa Agosti, akakuta chumba kina harufu ya makaa na baba yake anakohoa kwenye leso yenye madoa, akamvuta dada yake jikoni.

"Unamuua, Nozuko. Unajua kwamba unamuua?"

"Najua moshi unafanya nini."

"Basi uzime! Mfunge blanketi, mwekee hita!"

"Nenda ukauzime wewe," Nozuko akasema. "Nenda. Halafu ubaki hapa asubuhi, umwinue kwenye magoti."

Siphiwo alikwenda sebuleni. Alikaa huko muda. Nozuko alimsikia mzee akimwuliza kijana kama na yeye ni mtu wa reli, na kama amekuja kumwona Sodladla. Siphiwo alijibu kitu kwa sauti iliyopasuka, halafu kikohozi cha mzee kikaanza, kirefu, cha kung'oa mizizi, na kikakatika. Kisha ikasikika koleo ikikwangua kitako cha ndoo, na makaa yakidondoka kwenye chanja, mengi kwa pamoja, na mzee akifoka kwa pumzi iliyobaki kwamba si hivyo, kijana, si hivyo, polepole.